Usiandike "Inatibu Kisukari" Kwenye Chupa ya Habasoda

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia. Amenunua mashine ndogo ya kukamua mafuta, amepata mbegu za habasoda Kariakoo, chupa anazo, kilichobaki ni lebo. "Dada, shikamoo," anaanza. "Nimeona chupa zako hazina jina la ugonjwa hata mmoja. Wenzako wameandika sukari, presha, pumu, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, mpaka saratani. Wewe unauzaje? Na mimi niandike nini ili bidhaa yangu itoke?"

Nilimjibu kwa mistari michache, lakini swali lenyewe likanikaa moyoni. Naulizwa kila mara. Na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile niliyo nayo mimi: kuwa na mafuta yenye jina lako, yapangwe madukani Dar na Mombasa, yavuke hadi Unguja, yafike Muscat kwenye mabegi ya wasafiri. Kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu, na ninyi nyote mlichukue.

Usiandike. Andika kilichomo ndani ya chupa, tarehe uliyokamua na namna ya kukitunza. Magonjwa yaache. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu jambo hili limenigharimu wateja, na limeigharimu familia yangu kitu ambacho hela hairudishi. Nitafika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimelelewa Ngamiani, katika nyumba ambayo habasoda haikosekani jikoni. Bibi aliikaanga kidogo kwenye kikaango kikavu, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, nasi watoto tukibanwa na mafua tukapewa tunuse. Aliyetoka kujifungua alitiliwa kwenye uji. Mikate ya Ramadhani ilinyunyiziwa juu. Kikohozi kikizidi, ilisagwa ikachanganywa na asali. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni bidhaa, yalikuwa maisha ya nyumbani tu. Ninyi mliokulia Mombasa, Lamu, Unguja au Bagamoyo mnanielewa bila maelezo.

Biashara ilinijia nikiwa muuzaji katika duka la viungo la mtu. Wateja walikuwa wakiulizia mafuta ya habasoda kila siku, na yaliyokuwepo yalikuwa vichupa vya kutoka nje, bei juu, tarehe ya mwisho imekaribia, mengine ukiyanusa yananuka mafuta ya kupikia. Nikajiuliza: mbegu tunazipima hapahapa kwa kilo, kwa nini mafuta yasafiri mbali hivyo? Nikaingia kikoba, nikakopa, nikauza cherehani yangu, nikanunua mashine. Kipindi cha kuhangaikia mtaji nakiruka, kwani kila mmoja wenu anakijua.

Kwenye mbegu ndipo penye kazi, na hapa nawaomba msome polepole. Mmea wa habasoda, ambao wataalamu wanauita Nigella sativa, asili yake ni Asia ya Magharibi na nchi zinazozunguka Mediterania. Leo unalimwa Misri, Syria, Uturuki, India, na hapa kwa jirani zetu wa Ethiopia, ambao huisaga kwenye viungo vyao vya berbere. Si bizari nyembamba ya pilau. Bizari hiyo ni ya ukoo mmoja na karoti na giligilani, habasoda ni ya ukoo mwingine kabisa. Nalisema kwa sababu nimeletewa gunia la bizari nyembamba iliyopauka na kuambiwa ni habasoda ya kizungu. Nimeletewa pia ufuta mweusi, na mara nyingine mbegu za vitunguu maji, ambazo kwa mbali zinafanana nayo sana.

Itambue hivi. Chukua punje uiangalie vizuri. Habasoda ina pembe tatu, ngozi yake ina mikwaruzo, haitelezi. Ufuta mweusi ni bapa, laini, umechongoka upande mmoja, na ukiutafuna una utamu wa mafuta. Ukitafuna habasoda inaanza chungu, kisha inawasha kidogo kama pilipili manga, na harufu yake inapanda puani. Ivunje katikati: ndani ni nyeupe. Ikiwa nyeusi mpaka ndani, au ikikuachia rangi vidoleni, irudishe ilikotoka. Usione haya kutafuna mbele ya muuzaji. Mimi natafuna kutoka kila gunia, juu na chini, maana gunia linaweza kuwa na sura mbili.

Ukishapata mbegu nzuri, ipepete, uichekeche, uianike kivulini. Kukamua nako kuna uvumilivu wake. Kwenye mbegu mna mafuta kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, na mashine ndogo bila kupasha moto haiyatoi yote. Mimi napata karibu robo. Wapo wanaozikaanga mbegu kwanza au wanaiacha mashine ichemke ili wapate mengi zaidi. Ndiyo, yatatoka mengi, lakini kile kinachotafutwa ndani ya habasoda kinaondoka na mvuke. Mafuta yakitoka kwenye mashine unapaswa kuweza kuyashika kwa mkono bila kuungua. Yaache yatuame, uchuje mashapo kwa kitambaa cha pamba, utie kwenye chupa za kioo za kahawia. Chupa nyeupe ni nzuri kwa macho ya mteja, ila mwanga unaharibu. Mashudu usiyatupe, wafugaji wa kuku wanayatafuta.

Nilipoanza nilijilazimisha kusoma, kwa sababu sikutaka kuuza kitu nisichokijua. Nikasoma kwamba mbegu hizi zilikutwa hata ndani ya kaburi la Tutankhamun, yule mfalme kijana wa Misri ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922. Nikasoma kwamba Ibn Sina aliitaja katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, karibu miaka elfu moja iliyopita. Na nikasoma kuhusu mtafiti wa Misri, El-Dakhakhny, ambaye mwaka 1963 alitenga kutoka kwenye mafuta ya harufu ya habasoda kile kiini kinachoitwa thaimokwinoni. Kutoka hapo maabara za dunia zimeishughulikia habasoda sana. Katika vyombo vya maabara na kwa panya, thaimokwinoni imeonyesha kupunguza uvimbe wa ndani, kuzuia baadhi ya vijidudu, hata kudumaza seli za saratani. Wauzaji wengi wanasoma mpaka hapo, wanafunga kitabu, wanakimbilia kwa mchapaji wa lebo.

Panya si shangazi yako. Yapo majaribio yaliyofanywa kwa watu, na hayo ndiyo nayapenda kwa sababu yanasema jambo lenye kipimo. Watafiti wa Saudi Arabia walichapisha mwaka 2010 matokeo ya wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili. Waliwagawa makundi matatu: gramu 1 kwa siku, gramu 2, na gramu 3, kwa miezi mitatu. Waliopewa gramu 2 sukari yao ya asubuhi ilishuka, na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikashuka kwa asilimia moja na nusu hivi. Gramu 3 hazikuleta faida zaidi ya gramu 2. Gramu 2 za mbegu hazifiki kijiko cha chai kilichojaa. Na hapa ndipo nilipoweka kidole nikarudia kusoma: wagonjwa wale wote waliendelea kumeza dawa zao za hospitali. Habasoda iliongezwa juu ya dawa. Hakuna aliyeambiwa atupe vidonge.

Kwenye presha ni hivyohivyo. Mwaka 2016 wachambuzi walikusanya majaribio 11 yenye watu zaidi ya 800. Walichokikuta ni kwamba namba ya juu ya presha ilishuka kwa takribani 3, na ya chini karibu na 3 pia. Ni faida, naikubali, nami naifurahia. Lakini mwenye 170 akishuka 3 anabaki na 167, na mwenye 167 bado anahitaji dawa. Ukimwambia mtu huyo "inatibu presha", umemdanganya kwa kutumia utafiti wa kweli, na uongo wa namna hiyo ni mgumu kuugundua kuliko ule wa kubuni.

Basi nikachapa lebo yangu ya kwanza bila ugonjwa hata mmoja. Nilikuwa na fahari nayo. Nilipitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikapata barua ya utambulisho, nikaipeleka TBS, shirika la viwango, pamoja na sampuli, kwa sababu mafuta haya nayauza kama mafuta ya chakula, na tangu 2019 mambo ya chakula yako kwao. Anayetaka kuuza kama dawa ana njia nyingine, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na huko dawa inasajiliwa. Njia zote mbili ni halali. Kisicho halali ni kupita njia ya chakula kisha ukaandika maneno ya dawa, na hicho ndicho kinachofanywa na wengi wa hao "wenzako" ambao ndugu yangu wa Morogoro anawatolea mfano.

Nikapeleka boksi kwa mwenye duka mmoja mkubwa, mtu niliyemheshimu. Akalipokea kwa bashasha. Haukupita muda mrefu akaniita nikachukue mzigo wangu. Akaniambia, "Dada, mafuta yako mazuri, mwenyewe nayatumia. Lakini mteja anaokota chupa yako, anageuza, anasoma, hakuna kitu. Anaokota ya jirani, anakuta magonjwa arobaini. Unadhani ananunua ipi?" Nikamwambia magonjwa arobaini ni uongo. Akasema, "Mimi siuzi ukweli, nauza mafuta." Nilibeba boksi langu kwenye baiskeli mpaka nyumbani huku nimevimba kwa hasira. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lile nageuza uso.

Lililoniuma zaidi lilitoka barazani. Mzee mmoja wa mtaani, mtu wa swala tano, aliniuliza mbele za watu: kwa nini sikuandika kwamba habasoda ni ponyo la kila ugonjwa, ilhali Mtume, rehema na amani zimshukie, amelisema? Akauliza kama namkadhibisha. Nilishindwa kuongea. Usiku ule sikulala.

Kwa hiyo ngoja nilijibu hapa, kwa utulivu ambao sikuwa nao siku ile. Hadithi hiyo naiamini. Imo katika Bukhari, imepokewa kutoka kwa Abu Huraira na kutoka kwa bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awaridhie: katika habasoda mna ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Lakini isome pamoja na kisa kilichoandamana nayo. Ghalib bin Abjar aliugua safarini. Ibn Abi Atiq alipokuja kumjulia hali akawaelekeza wenzake wachukue punje tano au saba, wazisage, wachanganye na mafuta, wamdondoshee puani upande huu na upande huu. Punje tano au saba, kwa mgonjwa yule, kwa njia ile. Hakuambiwa anywe chupa nzima. Wapo wanavyuoni wakubwa, al-Khattabi miongoni mwao, waliofafanua kwamba neno "kila ugonjwa" pale ni la jumla lenye makusudio mahususi, yaani magonjwa yale ambayo habasoda inayafaa. Na katika mlango huohuo wa tiba imetajwa asali, imetajwa kuumika, imetajwa talbina, uji wa shayiri. Kama habasoda peke yake ingetosha kwa mtu yeyote kwa hali yoyote, hayo mengine yangetajwa kwa ajili ya nini? Tumeamrishwa tujitibu. Anayeichukua hadithi akaifanya tangazo la biashara, ndiye anayepaswa kuulizwa barazani.

Sasa nifike kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, ana kisukari cha miaka mingi. Alikuwa anakunywa metformini yake, vidonge vya sukari, anakwenda kliniki, anajitahidi na chakula. Ananipenda, na alijivunia biashara yangu, alikuwa akiwaambia mashoga zake "mwanangu ana kiwanda". Nilimpa mafuta yangu, nikamwambia, "Shangazi, kijiko kidogo kwa siku kinatosha, na vidonge usiache." Akaitikia.

Kisha likaja gari lenye kipaza sauti. Mnayajua magari hayo. Yanasimama karibu na soko, kijana anasema bila kuvuta pumzi: sukari imekwisha, presha imekwisha, ganzi ya miguu imekwisha, achana na vidonge vinavyoua figo. Shangazi akanunua chupa tatu. Tulipokuja kujua, alikuwa ameshaacha dawa kwa muda mrefu, anakunywa mafuta yale asubuhi na jioni, na kidonda kidogo kilichotokea kwenye kidole cha mguu alikuwa anakipaka mafuta hayohayo na kukifunga kwa kitambaa. Hakikumuuma, kwa hiyo aliamini kinapona. Kisukari kinaua hisia za miguu, ndiyo sababu hakikumuuma.

Nilimuuliza, "Shangazi, si nilikupa yangu? Si nilikwambia usiache vidonge?" Akanijibu maneno ambayo sitayasahau maisha yangu. "Mwanangu, yako si dawa. Mwenyewe hujaandika. Ya yule yameandikwa."

Walimkata mguu chini ya goti.

Nimeandika mstari huo na kuufuta mara nyingi, na leo nimeamua ubaki. Wale waliomuuzia hawapo tena, gari limehamia mji mwingine, namba kwenye chupa haipatikani. Chupa ninayo. Nilikamua habasoda vya kutosha kujua harufu yake, na kilichomo ndani ya chupa ile sehemu kubwa si habasoda. Lakini hata kingekuwa habasoda safi, ya mbegu bora, iliyokamuliwa bila moto, isingemwokoa mtu mwenye sukari ya juu aliyeacha dawa. Hilo ndilo nataka liwaingie. Ubaya wa chupa ile haukuwa mafuta peke yake. Ulikuwa maandishi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, mnaonitumia ujumbe "dada nipe siri ya soko", nisikilizeni. Mteja wako mkuu ni mtu mgonjwa aliyechoka. Amechoka foleni, amechoka vidonge, amechoka kupimwa kidole. Anatafuta mtu wa kumwambia "basi, pumzika". Neno lolote utakaloandika kwenye chupa yako atalichukua kama ruhusa. Ukiandika "inatibu", umempa ruhusa ya kuacha dawa. Hata ukisema hukumaanisha hivyo, umempa. Andika ukweli. Watu watakupita kwa muda, boksi litarudishwa, utaumia. Andika ukweli hivyohivyo.

Na usinijie na neno "ni ya asili, haina madhara". Habasoda ina nguvu, ndiyo maana tunaiheshimu, na chenye nguvu ya kushusha kinaweza kushusha kupita kiasi. Mtu anayekunywa dawa za sukari akiongeza habasoda nyingi, sukari inaweza kushuka mpaka akatoka jasho, akatetemeka, akaanguka. Anayekunywa dawa za presha vivyo hivyo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari kabla hajagusa chupa, na anayesubiri operesheni amweleze daktari mapema kwamba anatumia. Madaktari wa Uturuki waliwahi kuripoti mama mwenye kisukari ambaye figo zake zilipata hitilafu ghafla baada ya kumeza vidonge vya habasoda kwa siku chache. Ni mtu mmoja, sisemi kila mtu yatamkuta, ila mwenye figo dhaifu asijaribu peke yake.

Mama mjamzito: ile inayonyunyizwa kwenye mkate haina neno, ila mafuta kwa vijiko aache. Wazee wetu wenyewe walimwekea aliyekwisha kujifungua. Kuna ngozi zinazokataa mafuta haya, yanaleta upele na malengelenge, kwa hiyo mteja anayetaka kupaka usoni mwambie aanze na tone moja upande wa ndani wa mkono, asubiri siku nzima. Na kwa kuwa sisi tunapenda kuichanganya na asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya nyuki wadogo, hata ncha ya kidole, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake haujaweza kuvimudu. Hili liseme hata kama mteja hakuuliza.

Mtaniuliza, je, wewe unauza? Nauza. Si kwa kasi ya wale wa kipaza sauti, lakini wateja wangu wanarudi. Kuna mfamasia mmoja ambaye alisoma lebo yangu, akatabasamu, akasema ndiyo mara ya kwanza kuona chupa ya habasoda anayoweza kuiweka kaunta bila kuona haya. Ananiagizia kila mwezi. Kuna wapishi wa mikate wanaochukua mbegu zilizosafishwa kwa kilo. Kuna kina mama wa nywele, hao ndio wengi, na hawanidai tiba ya chochote. Soko la kweli lipo, wala si dogo. Linakuja polepole kwa sababu linapitia kwenye vinywa vya watu, na kinywa cha mtu hakinunuliwi.

Shangazi anaishi nami sasa. Sukari yake iko vizuri, anakunywa vidonge vyake, na asubuhi anachukua kijiko kidogo cha mafuta yangu kwa idhini ya daktari wake. Anabandika lebo. Anakaa kibarazani na mikasi na gundi, na anapobandika anamsomea kila mtu anayepita.

Kinachosomeka kwenye lebo hizo ni hiki, na anayetaka kuyachukua maneno haya ayachukue bure: "Mafuta ya mbegu za habasoda. Yamekamuliwa bila moto, Tanga. Hayakuchanganywa na mafuta mengine. Weka mbali na jua na joto. Ukishafungua, tumia ndani ya miezi sita. Si badala ya dawa ya hospitali: usiache dawa yako. Kama unatumia dawa ya sukari, ya presha au ya kuzuia damu kuganda, kama una ugonjwa wa figo au ni mjamzito, zungumza na daktari kwanza." Chini yake namba ya kundi la mafuta yaliyokamuliwa pamoja, tarehe ya kukamua, na simu inayopokelewa. Mchapaji atakwambia maneno ni mengi, uyapunguze au ufanye herufi ziwe ndogo. Kataa yote mawili, nunua lebo pana zaidi. Wengi wanaonunua mafuta haya ni wazee, na herufi ndogo hawazioni.